Mheshimiwa wa Daraja Moja

Mara ya kwanza kumwona yule wakili, alikuwa anapangusa kiti kwa leso kabla hajakikalia. Kiti chenyewe kilikuwa safi. Kilikuwa cha duka la Mkongo mmoja huko South End mjini Louisville, Marekani, duka la vitenge, dagaa, unga wa muhogo na kadi za simu, na mwenye duka alikuwa amekifuta mwenyewe muda mfupi kabla, mbele ya macho yetu sote, kwa heshima ya mgeni. Wakili akakifuta tena. Kisha akaikunja leso, akairudisha mfukoni na kutabasamu kama mtu aliyeamini kwamba hatukuona. Ningependa kusema nilimdharau tangu siku hiyo, lakini ningekuwa nasema uongo. Siku hiyo nilimwona bwana mkubwa. Dharau ilikuja polepole, na ilipofika ilijitafutia mahali pa kukaa na haijahama mpaka leo.

Nilikuwa nimetoka Voi kwenda Louisville kusoma. Nilimaliza shahada ya siasa ambayo haikumshtua mwajiri yeyote, nikabaki kwa shangazi yangu na kufanya ukalimani hospitalini, mashuleni na kwa mawakili. Karibu wote niliowatafsiria walikuwa wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo. Mwanzoni nilikicheka Kiswahili chao. Walisema "batu" nami nikawasahihisha: "watu"; walisema "njo," nikasema: "ndio." Hakuna aliyeniomba. Walinivumilia tu, kama mtu anavyomvumilia mgeni mwenye kelele.

Wakili alikuwa ametoka Columbus, Ohio, mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari. Kanisa moja la Wakongo wa Columbus lilikuwa limekuja Louisville kwenye harusi, na gari lao likagongwa na lori kwenye makutano ya barabara. Hakuna aliyekufa, lakini kulikuwa na migongo na shingo na mikono iliyoumia, na wakili alikuja kuandika maelezo ya mashahidi ambao walikuwa bado kwa ndugu zao pale South End. Mimi nilikodiwa kutafsiri.

Shahidi wa tatu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mkono wake umefungwa bendeji, amevaa koti zito juu ya kitenge. Ajali ilipotokea alikuwa ameketi nyuma ya dereva.

"Mwulize aliona nini," wakili akaniambia.

Mama hakungoja nimalize swali. "Ule wa lori hakukanyaga frein mapema," alisema. "Alikanyaga mwisho kabisa, donc ilikuwa imechelewa. Lori yenye mzigo haisimame vile. Unapunguza mwendo ukiwa mbali, unaacha moteur njo inakamata lori, kisha frein pole pole. Yeye alikuya tu na mwendo ya juu. Nilisikia moteur. Moteur haidanganye."

Nikatafsiri habari ya breki na injini. Wakili akaacha kuandika. "Amejuaje mambo hayo?"

Nilipomwuliza, mama alicheka. Mumewe alipofariki alimwachia watoto na lori. Watoto walitaka kula, na lori halikutaka kusimama uani bure. Akajifunza kuliendesha, akalipeleka kati ya Uvira na Bukavu kwa miaka kumi na moja, simenti ikipanda na bia ikishuka, kwenye barabara za milimani ambazo madereva wanaume walizivuka wakisali. "Miye nilikuwa chauffeur," alisema, akijinyoosha kitini. "Hapa bananifungisha maboksi."

Nikatafsiri. Wakili hakumtazama mama, alinitazama mimi. "Hiyo ni hadithi nzuri sana," akasema, na akaandika kitu na kukipigia mstari. Katika miaka niliyofanya kazi naye nililisikia neno hilo, hadithi, mara nyingi kuliko nilivyolisikia neno sheria.

Baada ya wiki chache alinipigia simu akaniajiri. Alisema Wakongo wa Columbus wanaongezeka na ofisi yake inahitaji mtu anayeelewana nao. Shangazi yangu alipika pilau, akawaalika majirani, akatangaza kwamba mtoto wa ndugu yake sasa ni mtu wa sheria. Nikahamia Columbus na masanduku mawili.

Niseme kuhusu uwakili wake nilioushuhudia. Kesi zake zote ziliisha kwa simu. Mteja alilia ofisini, wakili akamshika bega, kisha akaingia chumba cha ndani na kuongea na kampuni ya bima kwa sauti ya mtu anayepanga chakula cha mchana, na jambo likaisha kwa lolote walilotaka wao. Nilimwona akisimama mbele ya hakimu mara moja tu, na mara hiyo aliomba kesi iahirishwe. Hata hivyo aliomba kwa ufasaha mkubwa. Alikuwa na miwani ambayo hakuihitaji. Niliwahi kuijaribu, vioo vilikuwa vitupu kama vya dirisha. Aliivaa ili apate kuivua. Alipotaka kusema jambo zito aliivua taratibu, akaishika kwa vidole viwili, akanyamaza kidogo. Wateja walimheshimu sana kwa ule unyamavu. Wakongo walimwita Maître, kama wanavyowaita mawakili kwao, na alipenda jina lile mpaka akataka tuliandike kwenye kadi zake.

Mama wa lori naye alikuwa Columbus, upande wa mashariki wa jiji, na binti yake aliyekuwa sekondari. Kesi ya ajali ilipoisha tuliendelea kuonana kanisani. Alifanya kazi kwenye ghala nje ya mji. Basi lilimwacha kwenye kituo cha mwisho, na kutoka pale alitembea dakika arobaini kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, malori yakimpita na kumrushia matope. Alikuwa ameshindwa mtihani wa maandishi wa leseni mara nne, kwa sababu ulikuwa kwa Kiingereza kilichopindwapindwa. Mwanamke aliyepandisha simenti milimani usiku na mchana alikuwa anafelishwa na sentensi.

Mwaka wa 2014 mbunge wa eneo letu, wa Bunge la jimbo la Ohio, alimaliza muda wake, na wakili akagundua kwamba ana wito. Alituita wafanyakazi wake watatu, akavua miwani. Alisema amefikiria sana, amesali, amezungumza na mkewe. Katibu wake, mama wa makamo aliyekuwa naye miaka mingi, alinong'ona sikioni mwangu: "Kitu kilichomchosha ni kusoma mafaili." Nilidhani ana kinyongo. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anatoa taarifa tu.

Mwezi wa tisa tulimpeleka kanisani kwa Wakongo. Wengi wa pale hawakuwa na haki ya kupiga kura. Uraia ulikuwa bado mbali nao. Nilimkumbusha jambo hilo tukiwa garini. "Najua," akasema. "Mpiga picha atakuwepo?" Kura zake zilikuwa kwenye vitongoji vyenye nyasi zilizokatwa vizuri, kwa watu wema waliotaka kumpigia kura mtu anayewapenda wakimbizi, ilimradi wakimbizi wenyewe wakae huko waliko. Kanisa zima lilikuwa pazia la nyuma ya picha yake. Mchungaji alijua pia, nadhani, lakini aliomba kwaya iimbe nyimbo tatu badala ya moja.

Baada ya hotuba, mama wa lori akasimama. "Maître," alisema, "sisi tunaomba kitu moja. Examen ya permis ikuwe kwa Kiswahili. Kuendesha tunajua. Kingereza tutajifunza, lakini kazi haingoje."

Nikamtafsiria: anaomba mtihani wa leseni uwe kwa Kiswahili. Akavua miwani. Akasema kwa Kiingereza: ni jambo ambalo bila shaka tungepaswa kuliangalia.

Watu mia na zaidi walinigeukia mimi kungoja jibu. Nami nikasema, kwa Kiswahili changu safi cha Pwani: "Mheshimiwa amesema atalishughulikia yeye mwenyewe, na halitalala."

Kanisa lililipuka kwa makofi na vigelegele. Wakili alitabasamu, akashangaa kidogo jinsi sentensi yake ilivyopendwa, kisha akaacha kushangaa, maana aliona anastahili. Nami nilitabasamu. Nilitaka wampende ili wanipende mimi niliyemleta. Sina maelezo mengine, na nimejaribu kuyatafuta.

Akashinda. Mwezi wa kwanza aliapishwa, nami nikawa msaidizi wake kwenye ofisi yake ya Bunge katikati ya Columbus. Wakongo sasa walimwita Honorable.

Wiki ya pili nilimshawishi aende akaone kwa macho yake njia anayotembea mama kutoka kituo cha basi hadi ghalani. Alikubali nilipomwambia kwamba mwandishi wa gazeti la mtaa atatungoja pale getini. Tulimchukua mama nyumbani kwake adhuhuri. Theluji ilikuwa imeanguka tangu asubuhi. Mheshimiwa aliendesha huku akizungumza, mkono mmoja kwenye usukani, akinigeukia nyuma kila aliposema jambo aliloliona la busara. Kwenye mteremko mdogo alikanyaga breki ghafla. Gari likateleza ubavu kwa utulivu wa ajabu, likaingia mtaroni.

Alikanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, yakachimba, tukazama zaidi. Akakanyaga tena kwa hasira, kana kwamba gari ni mtumishi wake. Akapiga simu ya gari la kuvuta. Wakamwambia angoje kwa saa mbili. Akapiga usukani kwa ngumi na kusema neno ambalo sikulitafsiri.

"Mwambie aache," mama akasema kutoka kiti cha nyuma. "Anachimba kaburi."

Alishuka, akazunguka gari mara moja, akiinama kutazama kila gurudumu. Akafungua milango, akatoa mazulia ya miguuni, akayasukuma chini ya magurudumu ya mbele, mengine akayawekea mawe. Kisha akasimama kwenye mlango wa dereva. "Mwambie atoke. Wewe na yeye mutasukuma."

"Hana leseni," mheshimiwa akasema.

"Ndiyo," nikajibu. "Hana."

Alitoka. Theluji ilimfika magotini na viatu vyake vya ngozi vikapotea. Mama akaketi, akavuta kiti mbele, akarekebisha vioo vyote vitatu bila haraka. Akalipeleka gari mbele nusu hatua, akalirudisha, mbele tena, nyuma, kama anayebembeleza mtoto, na kila mara gari likapanda zaidi kidogo. Mara ya sita au ya saba akasema dirishani, "Sasa sukuma," na kabla hatujaweka nguvu gari lilikuwa barabarani. Mheshimiwa akaanguka kifudifudi kwa kusukuma kitu ambacho hakipo tena. Mama hakucheka. Mimi niliuma mdomo mpaka ukaniuma.

Wiki iliyofuata nilimsikia akiusimulia mkasa ule kwenye chakula cha mchana cha wafanyabiashara. Katika masimulizi yake, gari lilikuwa la mama mkimbizi. Yeye mheshimiwa ndiye aliyekuwa anapita, akasimama, akavua koti, akafikiria mazulia. Watu walipiga makofi. Nilikuwa meza ya tatu, nikala saladi yangu.

Msifikiri kwamba namwonea. Nilimtafutia wema, kwa sababu mshahara wangu ulitegemea kuamini kwamba upo. Nilikaa ofisini kwake nikihesabu anachofanya. Asubuhi alisaini vyeti vya pongezi: vizee waliotimiza miaka mia, timu za mpira wa kikapu za shule, mkate ulioshinda kwenye maonyesho ya kilimo. Vyeti hivyo vilikuwa na mhuri wa dhahabu na utepe, na alivipenda kuliko kitu chochote pale Bungeni. Mchana alipigwa picha na wageni. Kwenye kikao aliketi karibu na njia ili aonekane na kamera anaposimama. Miswada hakuisoma, mimi nilimwandikia nusu ukurasa kwa kila mmoja, na nusu ukurasa huo aliurudia akiwa na uso wa mtu aliyekesha.

Mswada wa mtihani wa leseni niliusukuma mimi. Nilikwenda kwa waandishi wa miswada mara tano. Ulikuwa kurasa mbili: mtihani wa maandishi upatikane kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Mheshimiwa aliukubali kwa sababu ulikuwa mfupi. Ukapangiwa siku mbele ya kamati, mwanzoni mwa 2016, na mama wa lori akaombwa kuja kutoa ushahidi.

Siku moja kabla, alituita ofisini kwake kumwandaa. Akamkaribisha mama kiti, akakaa pembeni ya meza, mguu mmoja ukining'inia. "Ana mtoto aliyefariki wakati wa vita, sivyo?" akaniuliza.

Mimi ndiye niliyemwambia. Mama alikuwa amenisimulia habari hiyo jikoni kwake, mara moja tu, akinipa mgongo, nami nikaichukua nikaipeleka ofisini kama mtu anayepeleka barua.

"Mwombe amtaje. Si kwa muda mrefu. Mwanzoni tu, kabla ya mambo ya leseni. Wajumbe wanahitaji kuguswa."

Nilitafsiri, nikitazama zulia. Mama akauliza kwa sauti ya chini: "Mutoto wangu anaingia namna gani kwa mambo ya permis?"

Akanigeukia.

"Mwambie hivi. Mutoto wangu hakukufa juu ya permis."

"Anasema nini?" mheshimiwa akauliza.

"Anasema hapendelei," nikamwambia.

Akavuta pumzi, akatazama saa yake. "Sawa. Lakini akitokwa na machozi asiyafute."

Chumba cha kamati kilikuwa na mbao nyeusi zilizong'arishwa na viti virefu vya ngozi, na kwenye viti hivyo wajumbe waliotazama simu zao. Mmoja alikuwa anamenya karanga na kupanga maganda kwa mstari juu ya karatasi ya ajenda. Mama alivaa kitenge cha buluu na sweta nyeupe, na viatu vya harusini. Aliongea dakika tatu, nami safari hii nilijitahidi kumfuata neno kwa neno. Alisema yeye ni dereva. Alisema anatembea kando ya barabara gizani, na siku moja lori litamgonga, na dereva wa lori hilo atakuwa mtu maskini kama yeye ambaye hatalala tena. Alisema hataki kusamehewa mtihani; anataka aufanye.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye sauti ya kikohozi, akamwuliza: kama hasomi Kiingereza, atasomaje alama za barabarani?

Mama hakufikiri. "Ile ya kusimama iko na pembe nane na iko nyekundu. Hata mukiandika kwa Kichina, nitasimama."

Mjumbe wa karanga akainua uso kwa mara ya kwanza. Mwenyekiti akacheka, akasema bila shaka mama huyu anaendesha vizuri kuliko mkewe. Wote wakacheka, na mheshimiwa wetu akacheka kwa sauti kuliko wote, akipiga goti lake. Mama akaniuliza wanachekea nini. Nikamwambia wamefurahi. Walimshukuru, wakamwita shahidi wa mswada uliofuata, uliohusu leseni za kuvulia samaki.

Nilitoka pale nikiwa na matumaini. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Siku tisa baadaye nilimkuta mheshimiwa kwenye korido akila tofaa, akaniambia, kati ya kutafuna na kumeza, kwamba amemwomba mwenyekiti asiupeleke mswada kwenye kura. Wakati haujawa mwafaka. Kuna wajumbe wenye wasiwasi. Tutaurudia.

"Lini?" nikauliza.

"Mambo haya yana msimu wake," akasema, akatafuta pipa la taka.

Katibu wa kamati ndiye aliyenieleza, bila kujua kwamba sijui. Mheshimiwa alikuwa na mswada mwingine, wa ukurasa mmoja, wa kuliita daraja moja kwa jina la babu yake. Babu naye alikuwa wakili, na alisemekana kuwa mtu mwema. Mwenyekiti alikubali kuupitisha huo, mradi ule wa leseni upumzike. Walikuwa wamemalizana kwa dakika mbili karibu na mashine ya kahawa.

Daraja lenyewe lilikuwa nje kidogo ya mji, juu ya kijito ambacho wakati wa kiangazi mbuzi angekivuka bila kulowesha kwato. Mswada ule ulipita bila kura hata moja ya kupinga. Ndio mswada pekee wa kwake uliopata kuwa sheria wakati wote niliokuwa naye.

Jumamosi hiyo nilikwenda kwa mama. Alikuwa anapika sombe, yaani kisamvu, na nyumba nzima ilinukia mawese. Binti yake alikuwa mezani na vitabu vyake. Mama alimwambia anipe kiti, naye akajibu kwa Kiingereza kwamba ananiona nimeshakaa. Nikamweleza mama yote, daraja na mashine ya kahawa. Aliendelea kukoroga.

"Bon," akasema mwishowe. "Honorable amepata daraja yake." Akapunguza moto. "Siku ile kanisani. Yeye alisema nini kweli kweli? Huyu mutoto aliniambia kwamba Kingereza yake ilikuwa fupi, na Kiswahili yako ilikuwa ndefu."

Binti akainamia kitabu. Nikamwambia mama maneno halisi: ni jambo ambalo bila shaka tungepaswa kuliangalia.

Mama akaweka mwiko chini. "Donc ni wewe njo ulituahidi."

Hakuinua sauti. Angenitukana ningepata pa kushika. Alichukua sahani, akanipakulia ugali na sombe na kipande kikubwa cha samaki, akaniwekea mbele yangu, akakaa na kunitazama nikila. Nilikula chote. Sijawahi kula chakula kigumu kama kile.

Miezi michache baadaye alihama. Shemeji yake alikuwa Buffalo, akamwambia kwamba kiwanda kimoja huko Tonawanda kinaajiri na kwamba wafanyakazi huchukuliwa mlangoni na gari la mwenzao. Aliondoka na binti yake na sufuria zake. Nami ningependa kuandika kwamba niliacha kazi wiki hiyo hiyo. Nilibaki miezi saba. Nilikuwa na bima ya afya, na meza karibu na dirisha, na kitambulisho cha Bunge ambacho picha yake shangazi yangu alikuwa ameitundika kwenye ukuta wa sebule yake. Dharau yangu kwa yule mtu ilikuwa imekomaa, na kila asubuhi niliivaa pamoja na koti nikaenda kumfanyia kazi.

Hotuba ya kuzindua daraja niliiandika mimi. Ilikuwa kiangazi. Walikuja watu kama thelathini, nusu yao ukoo wake, wengine wafanyakazi wa barabara walioamriwa kusimama pale na makoti yao ya kung'aa. Kibao kilikuwa kimefunikwa na kitambaa. Mheshimiwa akavua miwani, akazungumza juu ya babu yake na juu ya madaraja kwa jumla, jinsi yanavyounganisha watu. Akaongeza la kwake ambalo sikuandika: kwamba anafikiria sana juu ya rafiki zake wakimbizi, waliovuka mito mingi. Akavuta kitambaa. Jina la ukoo lilikuwa limekosewa herufi moja. Mkewe ndiye aliyeiona kwanza. Picha zikapigwa hivyo hivyo mpaka zikaisha, na wafanyakazi wa barabara walitazama kijito kwa makini sana.

Uchaguzi wa 2016 ulipopita, akiwa ameshinda tena na kwa kura nyingi zaidi, niliandika barua ya mistari miwili nikaiweka mezani kwake. Hakuniuliza sababu. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, na siku yangu ya mwisho nikapewa bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na cheti cha pongezi chenye mhuri wa dhahabu na utepe, sawasawa na vya timu za mpira wa kikapu. Kilishukuru mchango wangu kwa jimbo. Nilikiacha kwenye basi la kwenda Buffalo, kwenye mfuko wa nyuma wa kiti, pamoja na ganda la ndizi.

Buffalo nilipata kazi ya ukalimani hospitalini. Huko nakaa baina ya mgonjwa na daktari, na daktari akisema hajui, nasema hajui. Kwa mama nilikwenda wiki ya pili. Nilisimama mlangoni na keki ya dukani, nisijue kama nitakaribishwa. Alinitazama juu hadi chini. "Umekonda," akasema. "Ingia, baridi inaingia nayo."

Alikuwa amepata leseni. Binti yake alimsomea maswali ya mtihani kila jioni kwa miezi sita, kwa Kiingereza, mpaka akayashika kwa moyo kama zaburi, hata yale asiyoyaelewa. Buffalo alishindwa mara mbili, ya tatu akapita. Sasa yeye ndiye aliyekuwa na gari la kuwapeleka wenzake Tonawanda: wanawake sita, Wakongo wanne na Warundi wawili, kwenye gari kuukuu ambalo mlango wake wa pembeni ulifunguka kwa aliyeujua tu. Aliwafokea wasipofunga mikanda. Hakuruhusu mtu kula garini. Theluji nzito inayotoka ziwani ilipoanguka mpaka madereva wengine wakaripoti wagonjwa, yeye alipita akiwakusanya mmoja mmoja, na msimamizi wa zamu kiwandani alikuwa ameanza kumwuliza yeye, si redio, kama barabara zinapitika.

Mheshimiwa alinipigia simu mara moja tu tangu hapo. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, na nilikuwa kwa mama tena. Alikuwa anaingia mbio za Seneti ya jimbo. Alisema ananikumbuka sana, akauliza habari za Buffalo bila kungoja jibu, kisha akafika alikotaka kufika.

"Yule mama," akasema. "Wa lori. Nasikia alipata leseni huko. Ingekuwa hadithi nzuri sana. Una namba yake?"

Mama alikuwa chumba cha pili akibishana na binti yake kuhusu matairi ya baridi: binti alitaka yasubiri mpaka mwezi ujao, mama alisema kifo hakisubiri mwezi ujao. Niliwasikia wote wawili vizuri, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiingereza.

"Sina," nikamwambia.

"Unaweza kuitafuta?"

"Hapana," nikasema, na nikakata simu kabla hajaaga.

Mama akatoka akiwa amekasirika, akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni Honorable, anagombea Seneti. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imenyesha mji mwingine. "Atapata," akasema. "Batu kama bale banapata." Akanishika mkono, akanivuta hadi uani ili nikamwambie binti yake, kwa Kiingereza cha kueleweka, kwamba tairi la mbele kushoto limeisha.

Alipata kweli ile Seneti. Tairi tulilibadilisha siku hiyo hiyo.